Saa ya Jumapili

Jumanne, 1 Julai 1997

Zamu ya saa ile ya Mgiriki. Nimeitikisa mara kumi, nikaifunga mkononi, nikabonyeza kitufe cha juu kuona kama mshale mrefu utaondoka bila kusita. Umeondoka. Nikabonyeza tena cha juu kuusimamisha, kisha cha chini, ukarudi kwenye kumi na mbili. Baridi kali. Mlima hauonekani tangu Jumamosi.

Mke wangu ameniuliza tena saa sita za nini kwa mtu mwenye mikono miwili. Miaka ishirini na mbili namwambia, haelewi. Zote ni kronografu za otomatiki, zina stopwochi ndani na zinajijaza zenyewe mkono ukitembea. Zikilala muda mrefu mafuta yanaganda, ndiyo maana nazivaa kwa zamu. Jumatatu ya rubani. Jumanne ya Mgiriki aliyeacha shamba lake la kahawa. Jumatano ya meneja mmoja wa mkonge, huko chini kuelekea Kahe. Na kuendelea mpaka Jumamosi. Jumapili naenda kanisani mkono mtupu, na watu wananiuliza fundi saa gani sasa, wanacheka.

Kazini: betri tatu, mkanda mmoja. Saa za plastiki kutoka Dubai. Mtu ananunua Jumatatu, ikifa Ijumaa anatupa na kununua nyingine. Tangu milango ya biashara ifunguliwe mimi ni muuza betri. Nilijifunza kazi hii miaka minne chini ya Mhindi aliyekuwa akinipiga rula vidoleni nikishika gurudumu vibaya. Leo kijana aliniuliza kama najua kufungua redio.

Alhamisi, 3 Julai

Mama Apaikunda ameshuka kutoka Kirua Vunjo. Ni mke wa Mzee Yonazi. Nilimwamkia, akaketi kwenye kigoda changu cha wateja, akatoa leso kifuani na kuifungua taratibu juu ya meza. Nilijua ni nini kabla hajamaliza fundo la pili. Niliondoa betri zote mezani kuipisha, mtu mzima kama mimi.

Saa ya Mzee imesimama. Mzee mwenyewe hajatoka kitandani tangu Pasaka. Kwanza miguu, sasa kifua. Amesema saa ipelekwe kwa fundi, halafu fundi aje nayo yeye mwenyewe.

Naiandika ilivyo. Kifungo cha kujazia kiko kushoto, vitufe viwili viko kulia. Baadhi ya otomatiki za mwanzo kabisa zilitengenezwa hivyo, kisha wakaacha. Uso mweusi, macho mawili meupe ya stopwochi. Mzee Yonazi alikuwa akiwapandisha wageni mlimani. Mzungu mmoja ambaye Mzee alimshusha mgongoni kutoka juu aliivua mkononi akampa. Aliitumia kupimia mapumziko: dakika tano nyuma ya mwamba, zisizidi, damu isije ikapoa. Sijaona nyingine kama hii Moshi nzima. Arusha sijaiona pia.

Nimeisafisha mimi tangu mwaka sabini na nane, na sijawahi kumwomba hata ndizi. Mara ya mwisho alipofika mjini, miaka mitatu imepita, aliniambia, nikiondoka hii ni yako, wewe ndiye unayeijua ndani. Tulikuwa wawili tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama miaka kumi na tisa.

Nimeifungua baada ya yule mama kuondoka. Haina ubovu wowote. Imesimama kwa sababu mkono unaoivaa hautembei. Ningeitikisa mbele yake ingeondoka, naye angerudi nayo nyumbani kabla ya giza. Lakini nilikuwa nimeshamwambia aiache. Nilimwambia kuna springi imechoka, lazima iagizwe Nairobi, wiki mbili au tatu.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua sana.

Jumapili, 6 Julai

Nimeivaa kanisani, chini ya mkono wa koti. Hakuna aliyeiona. Mahubiri dakika arobaini na mbili na sekunde kumi na tano. Nilibonyeza taratibu, lakini mzee wa kanisa aliyekaa mbele yangu aligeuka aliposikia mlio. Nikakohoa.

Nina furaha. Naiandika kwa sababu haitokei mara nyingi.

Jumatano, 9 Julai

Godi amekuja mezani kwangu. Ni kitinda mimba wa Mzee Yonazi, anauza redio Kariakoo, amekuja kumwona baba yake. Viatu vyeupe kwenye vumbi hili. Aliniamkia vizuri, siwezi kusema hakuniamkia. Akaangalia ya meneja mkononi mwangu, kisha akainama kuangalia zilizo kwenye kioo.

"Mzee, hizi za kizamani ni dili siku hizi," alisema. "Kuna mzungu pale hotelini anazisaka kama dhahabu. Hiyo ya baba iko wapi?"

Nikamwambia springi bado. Akasema haina shida, akaenda zake.

Sasa naelewa. Mzee hakuiona saa miezi mitatu yote kitandani, leo anaikumbuka? Mtoto amekuja kutoka Dar, ameona dili, amemwambia mama aifuate. Ile ahadi yangu imeshasahauliwa. Ahadi ni deni, wanasema, lakini anayelala kitandani hukumbushwa na aliye karibu na mto wake.

Hawaipati.

Jumamosi, 12 Julai

Mama mmoja anayeshusha ndizi soko la Kiboriloni amenipitia nyumbani na ujumbe. Mzee anasema kesho nipande, nilete saa hata kama haijapona, ila nije mwenyewe, nisimpe mtu. Nimemjibu kwamba saa iliyofunguliwa haibebwi njiani, vumbi litaingia. Alinitazama kama mtu asiyejua saa zinavyofunguliwa, na kweli hajui.

"Hata kama haijapona." Hayo si maneno ya mgonjwa. Ni ya mwuza redio.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani nayo tena. Dakika thelathini na sita. Sikufurahi kama Jumapili iliyopita.

Alhamisi, 17 Julai

Mke wangu ameiona. Nilisahau kuivua nilipokuwa nanawa. Aliijua mara moja, maana Mzee Yonazi aliwahi kulala kwetu akiwa nayo. Alisimama na taulo mkononi. Hakupaza sauti, na hilo lilinikera zaidi.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema. "Rudisha saa ya watu, baba Neema, yule mzee anakufa."

Nilimwambia haelewi mambo ya ufundi. Nilimwambia saa ikishatengenezwa lazima ivaliwe siku kadhaa ipimwe. Ni kweli, inapimwa hivyo. Aliniuliza hiyo springi ya Nairobi iliingia lini. Tumekula kiburu cha ndizi na maharage. Kilikuwa kizuri na nilikinyima sifa kwa hasira.

Jumamosi, 19 Julai

Yule mama wa ndizi tena. Ujumbe ni ule ule: kesho, na nije mwenyewe. Safari hii aliongeza la kwake. Alisema siku hizi Mama Apaikunda anapika mbege kila wiki, Jumapili wazee wawili wa ukoo wanakaa chumbani kwa mgonjwa tangu asubuhi, jioni pombe inabaki mtungini karibu yote. Alisema ni upotevu wa ulezi. Nilisema nyumba ya mgonjwa haikosi wageni. Nilimtuma aseme springi iko mpakani.

Iko mpakani! Nimeanza kuipenda hiyo springi. Ningekuwa na barua yake ningeionyesha.

Jumapili, 20 Julai

Leo nilitoka. Sikwenda kanisani. Nilivaa koti, nikaiweka saa mfuko wa ndani, nikasimama barabarani Kiboriloni nikisubiri gari la kupanda Kirua. Nilishaamua. Nitampa mkononi, nitamkumbusha maneno yake mbele ya huyo Godi, waseme wenyewe.

Pikapu ilisimama. Watu walisogea kunipa nafasi. Nikaiona akilini safari ya kurudi, nimekaa juu ya magunia, mfuko mwepesi. Nikamwambia dereva nimesahau kitu.

Niliogopa. Basi. Nimerudi nyumbani nikasema magari yamejaa.

Jumanne, 22 Julai

Betri mbili. Manyunyu kutwa. Yule mzungu wa Godi amepita akaangalia meza yangu, akainyoshea kidole ya Mgiriki mkononi mwangu. Nikatikisa kichwa. Akacheka, akanipiga bega. Sikuupenda mkono wake.

Kwenye kahawa nako mambo mabaya. Shemeji yangu wa Kirua anang'oa miti yake apande nyanya. Miti ya baba yake. Kila mtu anaondoa cha zamani, anaweka kinachouzika kesho. Halafu mimi ninayeshika cha zamani ndiye mwenye kasoro.

Ijumaa, 25 Julai

Mzee Yonazi amefariki alfajiri.

Alinipasha habari mama wa ndizi. Alikuja bila ndizi. Nilikuwa nimevaa ya Ijumaa, ile yenye kioo kilichokwaruzwa, nikaitazama bila kuona inasema nini.

Niandike wazo la kwanza lililonijia, maana hapa hasomi mtu. Nilisema moyoni: sasa ni yangu. Dakika nzima niliwaza hivyo. Halafu nikamwona amelala chali anauliza fundi amefika, na mke wake anasema bado. Nikafunika meza, nikaenda nyumbani.

Jumatatu, 28 Julai

Tumemzika kihambani kwake, shamba la ukoo, kati ya migomba, mstari mmoja na baba yake. Ukungu mzito. Wapagazi wa zamani waliopanda naye mlimani walibeba jeneza, na mmoja wao, mzee kuliko wote, aliwaamuru wapumzike mara mbili njiani ingawa ni hatua themanini tu.

Wakati wa kuaga nilipita mbele ya mwili. Suti ya kahawia. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya wa kulia, na pale saa ilipokaa miaka yote ngozi ilikuwa na alama iliyopauka. Wamemvalisha kila kitu chake isipokuwa hicho. Saa yenyewe ilikuwa kwenye koti langu, inatembea. Nilikuwa na hakika watu wa nyuma yangu wanaisikia.

Mama Apaikunda alinishika mikono yote miwili akaniambia asante kwa kuja. Heri angenitukana.

Mdogo wake marehemu, Mzee Amani, aliniomba nisishuke. Kesho ukoo unakaa kugawa vitu vya marehemu, na mimi natakiwa. Nimelala kwa shemeji. Naandikia kwenye gunia la mbegu za nyanya.

Jumanne, 29 Julai

Najaribu kuandika kwa mpangilio.

Tulikaa uani kwenye mabenchi ya shule. Walianza na nguo, kisha vifaa vya mlimani: fimbo, viatu, taa, kamba. Kila kitu kiliinuliwa, kikatajwa, kikawekwa mkononi mwa mtu, naye akapiga funda la mbege watu wote wakimwona. Wapagazi wawili walipata kamba. Hata jirani Mkatoliki alipata koti, kwa sababu marehemu alimkabidhi mwenyewe wiki tatu zilizopita, na wazee wawili walikuwepo wakashuhudia.

Ndipo Mzee Amani akaniuliza kama springi ilifika. Nikasema ilifika juzi. Nikaitoa. Godi aliipokea akaiweka sikioni, akasema inatembea safi kabisa, fundi ni fundi. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyenikunjia uso.

Mzee Amani alingoja wakanyamaza. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema.

"Fundi, hiyo saa ilikuwa yako. Jumapili tatu tumekaa chumbani kwa kaka, mimi na binamu yetu, pombe iko tayari, tunasubiri wewe uingie. Alitaka akuwekee mkononi sisi tukiona. Springi imekuponza."

Alieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni, ingawa mimi ni mtoto wa Kirua kama yeye. Cha mtu anayeondoka hupewi kwa maneno. Anakiweka mkononi mwako mwenyewe, macho ya ukoo yakiwepo, unakunywa, imekwisha. Kisichowekwa mkononi ni cha nyumba. Na nyumba, kwa desturi yetu, ni ya kitinda mimba. Alisema kaka yake alitaja jina langu mpaka siku ya mwisho, wote walilisikia, lakini jina si mkono. Akaniomba radhi. Yeye, kuniomba mimi!

Godi aliitia mfuko wa shati. Ninavyomfahamu haitafika hata Korogwe, njiani kwenda Dar, ikiwa yake.

Ningesema pale pale. Ningesimama niseme, springi haikuwepo, nilikuwa nayo kanisani nikipima mahubiri. Nilifungua mdomo. Nikasema Mungu amlaze pema. Wakaitikia amina.

Miaka kumi na tisa nilimngoja. Alipokuwa ananipa, mimi nilikuwa najificha nisinyang'anywe. Najichukia usiku huu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nimewachukia wengi.

Jumamosi, 2 Agosti

Sijavaa yoyote tangu Jumatano. Zimesimama zote sita, kila moja na saa yake. Mteja ameniuliza saa, nikamwonyesha ya ukutani.

Mke wangu hajasema nilikwambia. Amenipikia mtori wa ndizi na nyama. Nilimwona anangoja niseme mwenyewe. Jana nilimwambia. Nilianza kwa kumlaumu Godi, kisha Mzee Amani na desturi zake, kisha nikafika kwangu nikakwama. Aliendelea kuchambua maharage. Aliniuliza kama Mama Apaikunda anajua. Nikasema hajui.

"Basi bado hujarudisha," alisema.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepanda Kirua leo. Sikungoja ibada iishe. Gari lilinishusha njia panda, nikatembea kilichobaki.

Mama Apaikunda alikuwa jikoni peke yake. Wageni wameisha, mabenchi yamerudi shule. Alinikaribisha kwenye kiti, nikakataa, nikaketi kwenye kigogo karibu na moto. Nilimwambia bila kuzunguka. Saa haikuwa mbovu. Hapakuwa na springi. Nilikaa nayo kwa sababu niliitaka, na niliogopa Godi ataichukua.

Alisukuma kuni ndani.

"Alijua si mbovu," alisema. "Wewe mwenyewe ulimwambia zamani, mkono ukilala na saa inalala. Alisema mpelekee, apate sababu ya kuja."

Nikamwuliza kwa nini hawakuniambia tu kwamba naitwa kupewa. Alishangaa swali hilo. Mtu haitwi kuja kupokea, alisema, ni aibu, atakuja na kiganja wazi kama mwombaji. Unamtafutia kazi inayomleta. Kila mtu huku anajua hivyo. Nami nilijua, nilipokuwa mtoto. Mama yangu alikuwa akimwita shangazi aje kusaidia kuchuma kahawa siku aliyotaka kumpa kuku. Nimekaa mjini mpaka nikamsahau yule kuku.

Nilidhani tumemaliza. Alikuwa anafuta mikono kwa kanga, akitazama moto.

"Nilimwuliza, na asipokuja? Akasema fundi hawezi kukaa na kitu cha mtu. Jumapili zote tatu alisema hivyo hivyo."

Sikuwa na mahali pa kuficha uso. Nilimwambia samahani, nikarudia. Hakusema nimekusamehe na hakusema sikusamehe. Alisema yeye si wa kuambiwa, mwenyewe yuko pale nyuma, kati ya migomba, njia naijua.

Nikaenda. Udongo umeshaanza kuzama upande mmoja, wataongeza mwingine mvua zikija. Nilisema shikamoo baba. Mengine hayakuja. Nilisimama mpaka ukungu ukateremka kwenye migomba na miguu ikafa ganzi, kisha nikarudi jikoni kuchukua kofia yangu.